Jina Baada ya Alias

Jumatatu, 3 Juni

Leo wametuvunjia benchi. Lile refu la varandani, nililolikuta siku nilipoajiriwa ukarani hapa mahakamani, miaka kumi na tisa iliyopita. Nyundo kaletwa kusomewa mashtaka, nduguze wakataka kumshika mkono, askari wakasema hapana — basi! Mdogo wake, yule wanayemwita Jino kwa sababu analo moja la dhahabu mbele, kalinyanyua benchi peke yake kalitupa. Askari mmoja kapasuka juu ya jicho. Damu mpaka mlangoni kwangu. Nimeifuta mwenyewe, maana mfagiaji alikwisha timua mbio, wala simlaumu.

Mashtaka nimeyapiga chapa mimi. Mauaji. Nyundo alimfuata mwenye mashine ya kusaga, mchana kweupe, kwa sababu alikataa kufunga mashine siku genge lake lilipomwamuru afunge. Alimvunja magoti kwanza, kisha kichwa. Siku mbili hospitalini, akafa. Mtaa mzima ulikuwepo, na mtaa mzima haukuona kitu. Isipokuwa mtu mmoja.

Kwenye hati kuna jina lake la kuzaliwa, halafu: alias Nyundo, alias Fundi, alias Mzee wa Kazi, alias Daktari wa Magoti. Alias nne kwa mtu mmoja! Nimezisoma zote kwa sauti mbele ya mahakama. Ilipofika ya magoti, akacheka. Nilitamani kumpiga na faili.

Neno hili lina visa vyake. Mwaka fulani mama wa mwizi wa kuku alinifuata ofisini analia, mwanawe kaharibiwa na Eliasi. Eliasi gani, mama? Huyo huyo unayemtaja kila siku pamoja na mwanangu, mbona yeye hakamatwi? Tulicheka mpaka Mzee Gundi akakaa sakafuni. Mzee Gundi ni tarishi wetu. Jina kalipata kwa kubandika matangazo.

Mchana nilipompelekea Hakimu mafaili nikamuuliza. Miaka kumi na tisa nalipiga neno na sijui limetoka wapi — aibu! Hakimu anapenda sana kuulizwa. Akavua miwani. Kilatini hicho, mama, akasema. Wala hakimaanishi uongo. Maana yake ni "wakati mwingine". Mtu huyu ni fulani. Wakati mwingine ni fulani mwingine. Basi.

Kumbe! Mimi nilidhani ni neno la wahalifu, maana kwenye hati zetu ndio wanaopewa. Tajiri akiwa na majina matatu tunamwandikia "maarufu kama". Sasa mbona kila mtu analo? Mimi nyumbani ni Mama Pacha. Ofisini ni Bibi Nukta, kwa sababu karatasi haitoki kwangu ikiwa na nafasi tupu au sentensi isiyofungwa. Na Baba Pacha ana jina lake la kuniita, hilo siliandiki.

Jumatano, 5 Juni

Shahidi kaja, kwa mlango wa nyuma. Ni dobi. Mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mikono ina makovu ya pasi mpaka kwenye viwiko. Kibanda chake kinatazamana na mashine ya kusaga. Aliona yote, kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho, na anataka kusema.

Hakimu ameamuru jina lake lifichwe. Kwenye kila karatasi ataitwa Njiwa. La kweli nimeliandika mimi kwenye karatasi moja, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa lakiri, Mzee Gundi akaipeleka kwenye sefu. Wanaolijua ni watatu: Hakimu, mwendesha mashtaka, na mimi. Sitaliandika hata humu.

Alisoma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Halafu akaniuliza, Mwanangu, hili la Njiwa ni langu moja kwa moja, au kesi ikiisha nalirudisha? Nikamwambia ni lako, mama, hakuna atakayekudai. Akasema angejua wanagawa bure angeomba Tai.

Alipoaga alinishika kola ya blauzi akaitazama. Nani anakupigia pasi? Mimi mwenyewe. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, utadhani nimemwambia nina ugonjwa. Nimempenda yule mama.

Mwendesha mashtaka anasema bila yeye hakuna kesi. Nyundo atatoka akipiga mluzi. Kesi itasikilizwa tarehe 17. Siku kumi na mbili za kumweka hai mama mmoja. Kazi hiyo haiwezi kuishinda serikali!

Ijumaa, 7 Juni

Nimepigwa kofi. Mimi! Kazini kwangu!

Jino kaja dirishani kwangu kuuliza shahidi ni nani. Nikamjibu, kamuulize kwanza mama yako baba yako ni nani. Najua, najua — mdomo uliponza kichwa. Kofi lilipita dirishani kabla sijaifunga sentensi. Nikamrushia mashine ya kutobolea karatasi, ile ya chuma, ikampata begani. Askari wakamburuta hadi nyuma ya choo wakamshughulikia, kisha wakamwachia. Nilisikia kila rungu. Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Sikio la kushoto linalia ji-i-i mpaka sasa. Kazi ya leo yote nimeifanya kwa hasira. Na hii programu mpya ya orodha ya kesi! Zamani nilikuwa napiga ninachotaka na kuacha nisichotaka. Sasa kila nafasi yenye nyota nyekundu isipojazwa, printa haitoi kitu. Mshtakiwa: jina, alias. Shahidi: jina, alias. Imenigomea mara tatu, na huku watu wote wanataka kwenda nyumbani. Nikajaza nyota zote, moja baada ya nyingine, mpaka ikakubali. Kesi zote za wiki mbili zijazo, majina hamsini na mawili, hakuna nafasi tupu hata moja. Mzee Gundi kaibandika ubaoni nje saa kumi na moja kasoro, tukafunga ofisi.

Kofi si kofi. Kazi nimemaliza.

Jumatatu, 10 Juni

Njiwa alias. Na baada ya alias, jina lake.

Ni mimi. Vidole vyangu hivi hivi. Mashine ilitaka alias ya Njiwa, nami nikaipa.

Nilifika saa moja na nusu, wa kwanza, nikasimama ubaoni kuitazama kazi yangu kama ninavyofanya kila Jumatatu, kwa majivuno yangu ya kijinga. Mstari wa thelathini na nne. Liko pale tangu Ijumaa jioni! Nikaichomoa karatasi, nikasikia lango linafunguliwa — nikaitia mdomoni. Nimeitafuna. Wino ni mchungu, na kipande cha pini kilinichoma ufizi. Nikameza na damu yangu. Mzee Gundi akapita, Habari za asubuhi, Bibi Nukta. Nikamjibu kwa kichwa.

Nakala ya Hakimu na ya mwendesha mashtaka zilikuwa bado mezani kwangu, huwa nazigawa Jumatatu. Nimezichana. Kwenye kompyuta nimefuta. Dakika nne hazikuisha.

Nikajiambia hakuna aliyeisoma. Jumamosi na Jumapili mahakama imefungwa, nani aje kusoma ubao?

Saa tatu mwendesha mashtaka kaingia bila kubisha. Kibanda cha dobi kimevamiwa. Juzi Jumamosi, asubuhi.

Jumanne, 11 Juni

Hawakumpata Njiwa. Walimpata wifi yake.

Nimekwenda hospitali na mwendesha mashtaka kuandika maelezo. Ni mke wa kaka yake Njiwa, wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Pale kibandani wateja huita kutoka barabarani, wanaita jina la mwenye kibanda, na yeyote aliyeko mezani huitikia. Hawajali ni nani. Jumamosi Njiwa alikuwa amepeleka nguo za watu. Wifi yake alikuwa anapiga pasi. Wanaume wawili wakaja, mmoja ana jino la dhahabu, wakauliza: wewe ndiye fulani? Akajibu, Ndiyo, karibuni.

Ndiyo, karibuni! Nimeyaandika maneno hayo kwa mkono wangu, nikayawekea nukta.

Walimlaza juu ya meza yake ya kazi. Pasi ilikuwa ya mkaa, imeshika moto vizuri. Jino akaikandamiza kwenye kiganja cha kulia, halafu cha kushoto, taratibu, akipeleka mbele na nyuma. Mwenzake akatoa nyundo akaanza magotini. Akalia kwamba siye, yeye ni wifi tu. Wakamwambia kila shahidi husema hivyo. Kisha wakamkanyaga tumbo mpaka wakachoka. Watu walikuwa wanapita barabarani.

Daktari anasema mkono mmoja lazima ukatwe. Tumbo linavuja damu ndani, bado wanaangalia.

Anazungumza kwa upole mno, yule mama. Aliniomba nimpandishie mto kidogo. Nimempandishia. Akasema ahsante, mwanangu, Mungu akuweke. Nimetoka nje nimetapika kwenye maua ya hospitali.

Njiwa wamemhamishia kwenye nyumba nyingine. Jino haonekani. Mwendesha mashtaka kwenye gari alipiga dashibodi ngumi mpaka ikafa ganzi. Watu watatu tu, anasema. Watatu tu! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitazama nje ya dirisha.

Jumatano, 12 Juni

Wamemkamata Mzee Gundi.

Bahasha aliibeba yeye kwenda kwenye sefu — basi, wameona wamepata. Eti aliipasha moto, akafungua lakiri, akasoma, akauza jina. Mzee aliyebakiza miezi saba astaafu! Tena mtu aliwahi kumwona akinywa chai meza moja na Jino. Nani hapa hajanywa chai meza moja na mtu mbaya? Mkahawa ni mmoja.

Walimchukua mbele yangu. Hakupigana. Askari yule aliyepasuliwa juu ya jicho alimpiga kitako cha bunduki mgongoni, hivi hivi tu, kwa machungu ya benchi. Mzee akaanguka kwenye gundi yake mwenyewe, kopo likamwagika. Nikapiga kelele, Mwacheni, mnamwua mzee wa watu! Wakaniambia nirudi ofisini. Nikarudi ofisini.

Ningekuwa sijaimeza ile karatasi, ingemwokoa. Wangeona jina lilitokea ubaoni, siyo kwenye bahasha. Ningekuwa nimeiacha tu, nikakimbilia kwa Hakimu! Lakini mimi, Bibi Nukta, sitoi karatasi yenye kosa.

Mchana kaja fundi wa kompyuta kutazama printa. Nikamuuliza, nikijitia sijali, kwa nini programu yake inalazimisha alias. Akasema anaweza kuiondoa hiyo nyota, ni kazi ya nusu dakika, mbona sikumpigia simu? Nusu dakika! Halafu akaanza kunifundisha: kwenye kompyuta alias ni kitu kingine kabisa, ni jina dogo linaloonyesha mahali kitu kilipo. Wewe unabonyeza tu, linakufikisha pale pale.

Nilimwambia atoke. Kaacha na bisibisi yake mezani.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nilikusudia kumwambia Hakimu. Nimevaa vizuri, nimepiga pasi blauzi mara mbili. Nilijifunza sentensi yangu njiani: Mheshimiwa, jina nilitoa mimi, kwa makosa, kwenye orodha. Maneno manane. Hayahitaji hata pumzi mbili.

Nikamkuta anasaini hati ya kumkamata Jino. Ya pili, maana ya kwanza askari walikwenda wakarudi mikono mitupu. Aliponiona akafurahi. Unajua, mama, hii nayo zamani iliitwa alias? Nikasimama. Akaeleza. Amri ya kwanza ikishindikana, waliandika ya pili ikianza: kama tulivyokwisha kuamuru wakati mwingine. Wakati mwingine — alias! Kwa hiyo waliiita hati ya alias. Nafasi ya pili ya kulifanya jambo lililoshindikana mara ya kwanza. Akatabasamu, anadhani amenipa zawadi.

Nikafungua mdomo. Akaniuliza, Una la kusema? Na hapo hapo simu ikalia, ni polisi. Mzee Gundi amekataa kukiri, waendelee kumhoji? Hakimu akasema yeye hajui habari za kuhoji, anachojua ni kwamba mtu aletwe Jumatatu kusomewa shitaka. Akakata simu. Akaniangalia tena.

Nikasema, wino wa mihuri umekwisha.

Mwoga! Mwoga mkubwa! Najiandikia nijione.

Ijumaa, 14 Juni

Wifi yake Njiwa amefariki. Saa nne asubuhi. Walikuwa wanamwandaa kumkata mkono.

Nimepiga karatasi. Shitaka la Jino limebadilika, sasa ni mauaji. La Mzee Gundi pia limebadilika: kusaidia mauaji.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwambia Baba Pacha. Yote, asubuhi, watoto wakiwa wamekwenda kwa shangazi yao. Alikuwa na miwani yake ya kuchomelea kichwani, anajiandaa kwenda karakana. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa.

Akasema, Nani mwingine anajua? Hakuna. Akasema, basi mke wangu, funika kombe mwanaharamu apite. Ukisema utafungwa, au Jino na wenzake watakufuata kabla hujafungwa. Pacha wana miaka kumi na miwili. Aliyekufa amekufa. Mzee Gundi hakuna ushahidi dhidi yake, watamwachia.

Nikamwambia nimesikia wamemvunja meno. Akasema meno si roho.

Nikamrushia kikombe. Kilikuwa na chai. Kikampata kwenye shavu, kikapasuka ukutani, na mimi nikamrukia kwa makofi. Sijawahi kumpiga mume wangu miaka kumi na mitano. Nilimpiga kila mahali, mdomoni, kifuani, na yeye mkono kama chuma anachochomelea, angeweza kunizima kwa pigo moja. Alinishika tu viganja vyote viwili, kwa nguvu, mpaka nikachoka. Damu inamtoka kwenye shavu. Akasema, Unamgombeza nani, Mama Pacha? Nikalia mpaka koo likawa na ladha ya ule wino.

Nimemfunga shavu. Amekwenda kazini. Nimefagia vigae. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha siku tano tayari.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda mahabusu kumwona Mzee Gundi. Nimebeba mkate na chupa ya chai.

Sikumtambua mpaka alipoita, Bibi Nukta! Uso umekuwa mara mbili. Meno matatu ya mbele hayapo. Kidole gumba cha mkono wa kulia, kile cha kubonyezea pini, kimegeuka kinatazama nyuma. Na anacheka! Anasema, Wenzetu wote wameniogopa, wewe tu ndiye umekuja. Wewe ni mtu.

Mkate hawezi kutafuna. Akauchovya kwenye chai. Akaniuliza nani anabandika matangazo siku hizi. Nikasema mimi. Akaniagiza nisipake gundi nyingi pembeni, karatasi hujikunja.

Anasema wanamuuliza jina alimuuzia nani. Kawaambia hata hilo jina lenyewe halijui. Wakamwambia ndiyo maana aliliuza, kwa sababu halikumwuma. Halafu wakamning'iniza.

Kesho analetwa kusomewa shitaka. Aliniuliza, wewe unayejua mambo ya sheria, wataniachia? Mke wangu hajui hata nipo kituo gani.

Midomo ilinifunguka. Naapa ilifunguka. Nikamwambia atafune upande wa kushoto.

Kisha nikaenda kwa mke wake nikamwambia kituo. Akanibusu mikono. Yote miwili.

Jumatatu, 17 Juni

Saa tatu kasoro. Naandika nikiwa kwenye korido ya nyuma, ile wanayopitishia mahabusu. Hakimu amechelewa. Njiwa yuko kando yangu kwenye benchi.

Nimempitisha mlango wa nyuma mwenyewe saa mbili. Hakupekuliwa, mashahidi wanaofichwa hupita na karani moja kwa moja, utaratibu huo niliuweka mimi ili wasidhalilike. Nimempa pole ya msiba. Akaitikia, akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipokaa. Kakonda. Gauni lake limenyooka hata leo, huwezi kuona kunyanzi. Ana kikapu, juu yake shati jeupe lililokunjwa.

Nikamwambia, mama, ukiingia usiogope, mtazame Hakimu tu. Akasema, Sikuja kwa ajili ya Nyundo, mwanangu.

Akalinyanyua shati. Ni pasi ile. Ya mkaa, nzito. Hakuisafisha. Nimeona kilichogandia chini yake, sitakiandika.

Akasema, Nimesikia aliyeniuza analetwa leo. Sura yake siijui. Wewe unafanya naye kazi, na wewe peke yako ndiye uliyenifanya mtu humu ndani. Nionyeshe tu. Sina haja ya kingine.

Nikamwambia, mama, usimwage damu. Akanijibu kwa upole, sauti ile ile ya wifi yake: Imekwisha mwagika, mwanangu. Na mimi najua kufua.

Gari la mahabusu limeingia uani. Nasikia minyororo. Nyundo ametangulia, kashuka anacheka na askari. Kapita mbele yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Kamtazama Njiwa bila kumjua! Kapita tu. Na Njiwa hakumtazama hata kidogo. Macho yote yako mlangoni, mkono uko chini ya shati.

Mzee Gundi ni wa mwisho. Anachechemea. Koti lake la kaki limechanika bega. Wamemweka pale mwisho wa korido, asubiri kuitwa, hatua kumi na tano kutoka hapa. Ameniona. Ameinua pingu kidogo kunisalimia.

Njiwa kauliza, Ni yule wa koti la kaki?

Nimemwambia subiri, mama, nimalize mstari huu. Anangoja. Anadhani naandika mambo ya mahakama.

Askari yuko mlangoni, naweza kumwita. Atamnyang'anya pasi. Watamfungulia kesi naye, nitaipiga mimi: Njiwa alias. Nyundo atatoka kwa kukosa shahidi. Mzee Gundi atabaki alivyo. Na mimi nitapewa cheti cha utumishi bora. Hapana! Hapana, jamani.

Kauliza tena. Safari hii kasimama.

Nimemvuta gauni, nimemkalisha. Nampa daftari hili alisome. Nimekunja ukurasa wa Ijumaa tarehe 7, aanzie hapo, aje mpaka hapa. Kikapu kiko kati yetu na sikigusi.